Lugha ya Jikoni

Kibao bado kipo. Nimekikuta kiangazi hiki nilipokwenda kumwona mama nyumbani kwake Katubuka. Kimeegemezwa nyuma ya banda la kuku, rangi imebanduka, lakini maneno yanasomeka: KULALA NA CHAI. Kuku wamekifanya ngazi ya kupandia bandani. Nikasimama pale na begi langu, nikacheka peke yangu, kisha kicheko kikanikauka, kwa sababu ndani nilimsikia mama akizungumza na jirani kwa Kiha, harakaharaka, na katikati ya maneno akaangua kile kicheko chake cha tumboni.

Nilipoingia, akanyamaza.

Siku hizi Kiswahili kimemtoka mama. Kilianza kuondoka kidogo kidogo, leo jina la kitu, kesho sentensi nzima, na sasa kilichobaki ni Kiha cha kwao Manyovu, kile cha mpakani kabisa ambacho na Kirundi havina tofauti ya maana. Mimi, mtoto wake wa kumzaa, sikijui. Jirani ndiye anayenitafsiria. Nimesafiri siku mbili kwa treni kuja kumwona mama, halafu nakaa kitini nasubiri jirani aniambie mama amesema nini. Wewe tumejuana siku nyingi, sitakuficha: nasikia wivu. Na si wivu wa jana.

Baba alikuwa mtu wa reli, mwenyeji wa Morogoro, kazi yake Tabora, nyumbani anaonekana mwisho wa mwezi. Nyumba aliiacha mikononi mwa mama, na mama akaigeuza gesti miaka ile ya wakimbizi, mji ulipojaa magari meupe na watu wenye vitambulisho shingoni waliokuwa wakitafuta pa kulala. Walikuja manesi, madereva, mafundi wa maji, maofisa waliohamishwa kutoka mikoa ya mbali na hawajapata nyumba. Mama aliwapa kitanda, chandarua, ndoo ya maji ya moto na chai.

Chai ile, rafiki yangu, ilikuwa chai kweli. Maandazi yaliyoumuka, mihogo ya kuchemsha, na siku ambayo ziwa limekuwa jema, migebuka ya kubanika iliyopakwa mawese mpaka ngozi inang'aa. Wageni wa pwani walianza kwa kuyanusa mawese kwa mashaka. Wiki ya pili walikuwa wanapangusa sahani kwa andazi.

Kiangazi shule zikifungwa, mimi nilikuwa mtu wa mashuka. Tuliyafua kwa ile sabuni ya mawese, tukayaanika nyuma ya nyumba, na vumbi jekundu likaja kuyasalimia kabla hayajakauka. Nikayakung'uta, nikayakunja, mama akayapiga pasi ya mkaa. Mpaka leo nikisikia harufu ya shuka lenye joto la pasi namwona mama, kanga kiunoni, akipuliza makaa kwa mdomo.

Ila Kiha hakunipa. Baba hakukijua, na mwalimu wangu wa darasa la kwanza alikuwa amemwambia mama kwamba mtoto anayechanganya lugha huchelewa kusoma. Mama akalishika neno hilo kama amri. Akiwa anaongea Kiha na muuza dagaa mlangoni, nikitokea tu, anageuka na kuhamia Kiswahili. "Wewe utaongea kama redio," alikuwa akiniambia. Basi nikaongea kama redio, na wageni wakanipenda kwa hilo.

Hapo ndipo ufalme wangu ulipokuwa. Jumapili wageni walipotaka kutembezwa, mimi ndiye niliyekuwa mwenyeji wao. Nilikaa kiti cha mbele, karibu na dereva, na kuwaelekeza. Niliwapeleka Ujiji kuwaonyesha mafundi wakiziba nyufa za boti kwa pamba. Niliwapeleka Simbo kutazama ngazi zinavyochemshwa na kukamuliwa, nikawaeleza kwamba ngazi kwetu si ya kupandia, ni tunda la mchikichi. Mwisho tulishuka ziwani kuogelea, mama akafungua sufuria la wali kwenye mchanga, na mimi nikaeleza kwamba ng'ambo kule ni milima ya Kongo, ingawa kiangazi moshi wa mashamba huifunika na hakuna anayeiona. Waliniamini. Walinipa biskuti. Niliporudi nyumbani mama alinipangusa mchanga miguuni huku akiniita "mwenyeji wangu". Nilikuwa na miaka tisa na sikudaiwa kitu na dunia.

Halafu akaja yeye.

Alikuja na nesi wa chumba cha mwisho, mama mmoja wa Kilimanjaro aliyekuwa akishinda Kibirizi kuwapokea watu waliokuwa wakishuka kwenye maboti kutoka kaskazini. Msichana wa rika langu, sweta la mtu mzima, kandambili za rangi mbili tofauti. Nesi akamwambia mama, "Dada, naomba unihifadhie huyu siku mbili tatu. Mama yake anakuja na boti nyingine. Nikimpeleka kambini sasa hivi, watapotezana."

Mama akainama, akamwuliza kitu kwa Kiha. Msichana, ambaye nesi alisema hajatoa neno tangu asubuhi, akajibu. Mama akamwuliza tena. Akajibu tena, na safari hii mama akacheka kile kicheko cha tumboni. Sikuwahi kumsikia akikicheka nikiwa nimesimama mbele yake. Akamshika mkono, akampeleka jikoni, akamwita "mwana wanje".

Nilimwuliza nesi maana yake. Nesi hakujua. Nikamwuliza dereva, akacheka: "Mwanangu. Si hata wewe ungekisia?" Ningekisia, ndiyo. Lakini mimi mama aliniita kwa jina la shuleni.

Siku mbili tatu zikawa kiangazi kizima. Jikoni kukawa na lugha yake, na mimi nikabaki barazani na redio yangu ya mdomoni. Wakimenya mihogo, wanaongea. Wakipara samaki, wanabishana: yeye mgebuka aliuita mukeke, mama anamtania, wote wawili wanacheka, mimi nimeshika ufagio. Nikiingia, mama anageukia Kiswahili kwa adabu, kama vile nimekuwa mmoja wa wapangaji. Na Jumapili, wageni waliomwonea huruma wakaanza kumpa kiti cha dirishani. Nilieleza habari za mawese kwa sauti kubwa zaidi kuliko zamani, lakini wao walikuwa wakimtazama yeye akitazama ziwa. Kila tulikokwenda alikaa ameelekea kaskazini.

Siku moja nikamsikia mama akimwambia "nyoko". Unajua neno hilo mitaani kwetu lina uzito gani. Mtoto akilitamka, mdomo unasuguliwa kwa pilipili. Nilifurahi vibaya sana. Nikajua yamekwisha, amemtukana, kesho anaondoka. Nikakimbilia jikoni kuona machozi, nikawakuta wanachambua mchele. "Nyoko ni mama yako," mama akanieleza. "Kwetu si tusi. Nimemwuliza mama yake anapikaje."

Basi nikawa na neno moja. La pili lilikuja lenyewe. Kila jioni msichana alikuwa akiuliza swali lilelile, na kila jioni mama akamjibu kwa neno moja, taratibu: "Ejo." Nikamwuliza mama, ejo ni nini. Akasema, "Namwambia kesho. Mama yake atakuja kesho." Nikaliweka neno hilo moyoni. Nikawa naomba kabla ya kulala, na Mungu anisamehe, sikuwa namwombea yule msichana apate mama. Nilikuwa naomba mimi nirudishiwe wangu.

Jumamosi moja, na Jumapili yake tulikuwa tumepanga safari ya Ilagala kuona mto unavyoingia ziwani, nesi alirudi mapema. Aliongea na mama kando. Mama akavua kanga ya kiunoni, akajitanda begani, akamwita msichana, wakaingia jikoni. Mlango ukafungwa. Mlango wa jikoni kwetu haukuwahi kufungwa mchana.

Nikaenda kutega sikio. Mama alikuwa akiongea polepole mno, na mimi nikayavua maneno mawili kutoka katika hayo yote. Nyoko. Ejo. Yakarudi tena: nyoko, ejo. Mama yako, kesho.

Sijui kama nimewahi kuwa na furaha kama ile. Nilikimbilia chumbani nikaanza kumfungashia. Gauni lake, sweta, kandambili zake za rangi mbili, vyote nikavitia kwenye mfuko. Nikawa mkarimu kama mtu aliyeshinda: nikaongeza soksi zangu nyeupe na utepe wangu mwekundu, nikaongeza na sabuni. Nikaamua kesho akae kiti cha mbele, kwa kuwa itakuwa mara ya mwisho. Alipotoka jikoni nilikuwa namsubiri ukumbini na mfuko mkononi. Nikamtazama usoni na kumwambia sentensi yangu ya kwanza katika lugha ya mama yangu, nikitabasamu ili ajue nami nimefurahi:

"Nyoko, ejo."

Aliangalia mfuko, akaniangalia mimi. Akaitikia, kwa sauti ndogo, "Ego."

Ego ni ndiyo. Hilo likawa neno langu la tatu.

Mama alitukuta hapo. Akauchukua mfuko, akauangalia, akaelewa nilichodhani. Hakunipiga wala hakunigombeza, na heri angefanya hivyo. Alinivuta pembeni akaniambia kwamba boti lilifika Kibirizi, na waliokuwemo walimzika mama yake huyu njiani, jana.

"Si umesema ejo?"

"Jana pia ni ejo," mama akasema.

"Neno moja linakuwaje jana na kesho?"

Akafikiri. Nadhani hakuwahi kuulizwa. "Leo ni leo," akasema. "Ambayo siyo leo, ni ejo."

Ilagala hatukwenda. Asubuhi gari liliwachukua mama, nesi na msichana kwenda Kibirizi, ili azungumze na wale waliokuwa na mama yake. Mimi niliachiwa birika niwamiminie wageni chai. Nilisimama getini nikaona gari likiondoka, na yeye amekaa mbele, kwenye kiti changu. Unaniona mtu wa ajabu, lakini nakwambia kama ilivyokuwa: hata siku ile, nilikiona kiti.

Baada ya hapo akahamia kitandani kwa mama. Nikalala peke yangu chumba cha pili nikisikia kupitia ukutani sauti ya mama ikimnong'onezea. Niliumia kwa ajili yake, na nililia nikikumbuka lile "ego" lake. Lakini wivu haukujua kwamba kuna msiba. Uliendelea kunywa chai na mimi kila asubuhi.

Mvua za kwanza ziliponyesha moshi ukaondoka ziwani na milima ya Kongo ikatokeza ghafla, karibu, unaweza kuhesabu mabonde yake. Wiki ileile baba yake mdogo, aliyepatikana kwa msaada wa nesi, akaja kumchukua kwenda naye kambini. Mama alilia getini mpaka jirani akaja kumshika. Mimi miaka minne baadaye nilipokwenda bweni Tabora, mama alinipungia mkono na kurudi kuwasha mkaa. Nimeyalinganisha machozi hayo maisha yangu yote.

Amani iliporudi kwao, msichana naye alirudi. Ni mama wa watoto sasa, huko huko ng'ambo ya mpaka, na kila Jumapili anampigia mama simu. Jirani ananiambia wanaongea hadi salio linakwisha. Mimi nikipiga mama anasema "haloo, haloo, mzima?", halafu Kiswahili kinamwishia.

Gesti imekufa. Magari meupe yaliondoka, manesi wakahamishwa, siku hizi zimejengwa hoteli zenye runinga kila chumba. Nyuma ya nyumba kamba za mashuka zimekatika, na sabuni ya mawese sikuiona dukani mpaka nilipoiulizia. Jikoni mlango umeng'olewa. Nilikaa humo kidogo asubuhi ya kuondoka kwangu, kwenye kigoda alichokuwa akikalia yule msichana.

Jirani alikuwa amekwenda sokoni Mwanga. Mama akaja akijikongoja, akaketi mbele yangu, akanishika kifundo cha mkono. Akanitazama kwa muda, uso ukamchangamka.

"Mwana wanje," akasema.

Akaendelea. Aliongea sana, kwa raha, akinisimulia jambo lenye samaki ndani yake maana nilisikia mukeke, na akacheka kile kicheko cha tumboni, mbele yangu mimi, na mkono wangu ukiwa ndani ya wake. Nilijua anaongea na nani. Nilingoja jina langu la shuleni, halikuja. Mwishoni akauliza kitu, sauti ikapanda, na ndani yake nikalivua neno moja, ejo, nisijue kama ni iliyopita au ijayo. Akangoja jibu.

Ningeweza kumwambia, mama, ni mimi. Angegeukia kile Kiswahili cha wapangaji.

"Ego," nikajibu.