Walimu Wawili wa Dada

Dada yangu hurekebisha miwani. Ana bisibisi ndogo, kitambaa laini na kioo cha mezani, na mteja akilalamika kwamba fremu inamuumiza nyuma ya sikio, yeye huipasha moto, huikunja kidogo, kisha humvisha tena. Kazi anaiweza. Lakini siyo kazi aliyoitaka, na nyumbani kwetu asiyelijua hilo ni paka peke yake.

Alitaka kuwa daktari wa macho. Alama alikuwa nazo. Chuo kilidai na barua za walimu wawili wanaomfahamu mwombaji, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Aliyemfahamu alikuwa mwalimu wa biolojia, ambaye shule nzima ilimwita Rudia. Darasa lilichora jicho, wote wakapata vyema, Dada akaambiwa arudie. Akarudia. Akaambiwa mboni imekaa vibaya. Wenzake wakiwa uwanjani, yeye yuko maabara na penseli, amevimba kwa hasira. Aliamini kabisa kwamba mwalimu yule anamchukia.

"Huyo akiniandikia barua, nimekwisha," alimwambia Mama.

"Kwani lazima yeye? Nenda kwa mkuu wa shule. Mkuu ana muhuri. Huyo Rudia ana nini zaidi ya chaki?"

Tulicheka. Mama nampenda, lakini siku ile alikosea, na nasema wazi.

Basi Dada akaenda kwa mkuu wa shule, ambaye hakuwahi kumfundisha hata kipindi kimoja, na kwa mwalimu wa jiografia, mpole aliyegawa alama kama pipi. Huyu wa jiografia aliandika kwamba ni msichana mtulivu, hajawahi kumsumbua. Ile ya mkuu aliichapa karani wake kwa mtindo wao wa siku zote: barua ya mwanafunzi wa zamani, inabadilishwa jina tu. Ikamsifu Dada kuwa golikipa tegemeo wa timu ya shule. Dada, ambaye mpira ukimjia hujificha nyuma ya mtu!

Kwenye usaili wa chuo wakamsomea barua hizo. Mmoja wao akamuuliza, "Shuleni kwenu hakukuwa na mwalimu hata mmoja anayekujua?" Nafasi akapewa mwingine.

Mwaka uliofuata Baba aliumia mgongo kazini, na Dada akaingia duka la miwani kwa muda tu. Muda huo mpaka leo haujaisha.

Juzi nilikuwa dukani namsubiri tuondoke pamoja, Rudia akaingia. Amezeeka, shati limemzidi mwili, miwani inamteremka puani.

"Shikamoo, Mwalimu," Dada akasema.

"Marahaba." Akamkodolea macho. "Ni wewe! Binti wa maabara!"

Dada akaichukua miwani, akaanza kukaza skrubu. Mzee akakaa.

"Mwaka ule nilikuwa nabaki shuleni kila jioni," akasema. "Nilijua mtakuja kutafuta barua za chuo. Wengine walikuja. Wewe nilikungoja, hukuja. Nikajua nilikubana mno mtoto wa watu. Tangu hapo nikaacha. Mwanafunzi akichora vyovyote, nampa vyema, aende zake. Nimestaafu hivyo hivyo."

Bisibisi ikatulia mkononi mwa Dada.

"Hapana, Mwalimu," akasema. "Mimi chuo sikuomba kabisa. Hukunikosea kitu."

"Kumbe!" Mzee akacheka, uso ukamkunjuka. "Na mimi miaka yote hii najilaumu bure."

Dada akamvisha miwani, akamwuliza kama inamkaa vizuri, akamsindikiza mpaka mlangoni.

Nilipandwa na hasira. "Mbona umemdanganya?"

Alikaa kwenye kiti cha wateja, machozi yakimtoka, wala hakujisumbua kuyafuta.

"Mimi nilikosa chuo, sawa, nimeshazoea," akasema. "Lakini hao wote waliokuja baada yangu walikosa mwalimu."