Mayai ya Mogesi

Pale Nyangoto, miaka ile dhahabu ilipowatoa watu mashambani, wachimbaji walimjua Mogesi kuliko walivyomjua mwenyekiti wa kijiji. Asubuhi, kabla ya kushuka kwenye yale mashimo marefu wanayoyaita maduara, walipita kwake kununua mayai ya kuchemsha na chumvi iliyofungwa kwenye kipande cha gazeti. Mogesi alikuwa na kuku ishirini na saba, mdomo usio na breki, na umri wa miaka sitini na kitu ambayo yote ilipita bila kuonja yai.

Msishangae. Kwao yai lilikuwa chakula cha wanaume. Msichana akila yai, bibi zake walisema, atakuwa mroho na hatakaa kwa mume. Mogesi alikaa kwa mume miaka arobaini, mpaka akamzika, kwa hiyo aliona ushahidi upo.

Kilichomnyima raha ni Neema, mjukuu wake wa miaka mitano. Mama wa mtoto alifariki Neema akiwa mchanga, na Mogesi alimlea kwa uji wa wimbi, maziwa ya mgando na mboga chungu ya chinsaga. Mtoto akawa na mashavu, mbio na ukorofi. Kisha baba yake, Waitara, mwana wa Mogesi, akapata mawe yenye dhahabu huko maduarani. Ng'ombe wa maziwa akauzwa ili kuongezea pesa ya mashine ya kusagia mawe, na Waitara, kwa jinsi alivyompenda binti yake, akawa anamletea soda na biskuti kila jioni. Neema akasusa uji. Nani atakula chinsaga wakati biskuti zipo?

Mwaka huo mafua makali yalipita kijijini mara nne, na mara zote nne yalimlaza Neema. Watoto wengine walipiga chafya siku tatu wakarudi kucheza. Yeye alikohoa wiki mbili. Mara ya nne kifua kikaanza kubonyea kila alipovuta pumzi. Mogesi akambeba mgongoni hadi zahanati, njia nzima akimwomba Mungu na kugombana naye kwa wakati mmoja.

Nesi Akello, mwanamke wa Kijaluo asiyezungusha maneno, alimtibu mtoto siku tano. Siku ya kuondoka akauliza, "Mama, huyu nyumbani anakula nini?"

Mogesi akaeleza. Akello hakucheka.

"Mafua haya ni virusi, mama, na hapa sina sindano ya kuviua. Mwili wenyewe ndio unapigana. Chakula hakizuii mafua kuja, lakini yakimkuta mtoto asiyekula vizuri yanamwangusha. Wewe unaweza kuwafunga maksai wenye njaa kwenye jembe, halafu uwachape kwa sababu hawalimi?"

"Hapana, mwanangu."

"Basi mrudishie uji wake, mboga, dagaa, maziwa. Na mayai. Si unafuga kuku?"

Mogesi akamfunga Neema mgongoni, akaaga haraka.

Njia ya kurudi ilikuwa ndefu. Mayai yake yalikuwa yamenenepesha wanaume kutoka Geita hadi Migori, na mtoto wa nyumbani kwake mwenyewe amebaki mifupa. Aliona aibu, aibu ya kweli.

Jioni Waitara akaja na soda yake mkononi. "Wewe mura, kijana wangu," mama yake akamwambia, "hiyo kunywa mwenyewe. Kesho nitafutie ng'ombe wa maziwa." Waitara, mtu wa kushuka chini ya ardhi bila kutetemeka, akaiweka soda chini taratibu.

Asubuhi wachimbaji waliambiwa wakale mihogo. Mogesi akachemsha yai, akalikata nusu mbili, akaweka sahani mbele ya Neema pamoja na uji. Mtoto akaficha mikono mgongoni.

"Wasichana hawali. Wewe bibi huli."

Waitara alikuwa amesimama mlangoni. "Mama, na wazee watasemaje?"

"Wazee wako wapi? Waje wamsaidie kukohoa."

Maneno yalikuwa makali, lakini nusu moja ya yai aliichukua polepole. Aliitazama ile nusu kama mtu anayetaka kuvuka mto uliojaa, akafumba macho, akaitia mdomoni. Akatafuna. Akatafuna taratibu zaidi. Machozi yakamtoka.

"Bibi, ni baya?"

Mogesi hakumjibu. Alimgeukia mwanawe. "Waitara. Miaka yote hii mlikuwa mnakula kitu kitamu namna hii, na mmenyamaza?"

Neema akavuta sahani, akaitazama nusu iliyobaki, akamtazama na bibi yake. Kisha akaikata vipande viwili, akampa kimoja.