Fern na Mgeni wa Kofia Nyekundu

Garth Alderson alizaliwa kando ya Njia ya Pennine, ile njia ndefu ya wapenda kutembea kwa miguu kaskazini mwa Uingereza, ambayo hukatiza ua wa shamba lake kati ya zizi na mlango wa jikoni. Tangu utoto aliwatazama watembeaji wakipita na mabegi mgongoni, lakini yeye mwenyewe hakuwahi kuifuata njia hiyo kupita ukuta wa mwisho wa malisho yake. Ya nini? Kondoo wake hawakuwa huko.

Asubuhi moja ya Juni aliifuata, na sababu ilikuwa Fern.

Fern alikuwa mbwa wake wa kondoo, jike mweusi mwenye kifua cheupe. Garth alimlea kama baba yake alivyolea mbwa wake: mbwa wa kazi halishwi kwa mkono, hapapaswi, wala haingii jikoni. Anapigiwa mluzi, anatii. Wakati wa theluji kubwa Fern alifukua kondoo kumi waliofukiwa, na sifa aliyopata ilikuwa, "Basi, yatosha."

Asubuhi hiyo mtembeaji mnene mwenye kofia nyekundu, aliyekuwa amelala hemani shambani hapo, alimkuna Fern masikio akimwambia, "Mrembo wewe!" Alipoondoka, Fern akaondoka naye. Garth akapiga mluzi. Fern akasimama, akamtazama, kisha akaendelea na safari yake.

"Amepata bwana mwingine," alisema Enid, mkewe, akiwa mlangoni.

"Kahongwa soseji tu."

"Piga mluzi tena, basi."

"Sipigi."

"Na kesho majirani wakija kukusanya kondoo? Utawaambia mbwa wako yuko fungate?"

Garth alichukua fimbo yake.

"Unakwenda wapi?"

"Kuangalia kondoo."

"Haya, baba. Miaka yote hii ya ndoa, mimi hujanifuata hata mpaka langoni."

Huko juu hapakuwa na mti. Ilikuwa nyika tupu ya tope jeusi, vichaka vifupi na upepo, na katikati yake mabamba ya mawe yaliyotandikwa ili watembeaji wasizame. Garth hakuyakanyaga. Mabamba ni ya watu wa mjini. Alipita pembeni, mbali kiasi cha kutosikika, na kila mara kofia nyekundu ilipogeuka, aliinama akajifanya anafunga kamba za viatu.

Adhuhuri mgeni aliketi penye rundo la mawe, akafungua chakula chake. Fern akalaza kichwa juu ya paja la mtu yule. Juu ya paja! Mkono ule mnene ulikuwa ukishuka polepole kwenye shingo ya Fern, ukipanda, ukishuka tena, naye Fern amefumba macho. Garth hakujua kama Fern aliweza kufumba macho namna ile.

Alasiri wakauvuka ukuta wa mwisho. Garth naye akauvuka, akijihisi kama mwizi. Upande wake wa nyika alijua kila mahali penye maji. Upande huu hakujua hata mahali pamoja. Hakuenda mbali. Ardhi ilimeza mguu mmoja, kisha wa pili, mpaka kiunoni.

"Huyo!" alisikia. Mgeni alikuwa akirudi mbio, Fern mbele yake. Akamnyooshea fimbo. "Shika, mzee. Vuta. Taratibu!"

Garth alitoka akiwa mweusi tii.

"Kumbe ni wewe, mwenye shamba! Unatafuta nini huku?"

"Kondoo."

Mgeni akaonyesha kondoo waliokuwa wakila karibu. "Hawa wa alama ya rangi ya buluu manyoyani? Si wako wana nyekundu?"

Garth alikung'uta tope.

"Na mbwa huyu je? Mpole mno. Nilidhani hana mwenyewe."

Tope halikumuuma Garth kama neno hilo. "Anaye."

"Mwite basi, tuone."

Garth akaweka midomo tayari kwa mluzi. Ilikuwa inatetemeka kwa baridi; ukatoka upepo mtupu. Akajaribu tena. Fern alisimama katikati yao, akimtazama huyu, akimtazama yule. Ndipo Garth alipopiga magoti, mbele ya mgeni, mbele ya kondoo wa jirani.

"Fern," alisema. "Njoo, mama. Njoo twende nyumbani."

Fern akaja. Garth akamwekea mkono mgongoni, akampapasa kwa namna pekee aliyoijua, kama mtu apimaye unono wa kondoo sokoni. Fern alivumilia.

"Kwa heri, mrembo!" alisema mgeni, akaenda zake.

Fern aligeuza kichwa kuitazama kofia nyekundu ikipungua juu ya mabamba. Mkia wake ulikuwa ukicheza. Garth alingoja mkia utulie. Haukutulia. Basi akasogea hatua moja, akasimama kati ya macho ya Fern na kofia ile.