Kanda ya Dada

Jirani hapa mtaani Majimbo akichoma plastiki, mimi hufunga dirisha. Harufu hiyo hunirudisha jikoni kwetu, siku mama alipoikuta kanda ya muziki chini ya godoro letu, mimi na dada.

Ilikuwa ya punk, gitaa za mbio na watu wakipayuka. Dada yangu aliisikiliza kwa redio kaseti aliyoibana sikioni. "Hawa hawajui kuimba na wanaimba tu," aliniambia. "Mimi pia nitaimba hivyo."

Kanisani mama alikuwa ameambiwa muziki huo ni wa shetani. Alinivuta hadi kwenye mafiga, nikahisi joto la moto mguuni.

"Sema ukweli. Hii makelele ni ya nani?"

Nilijikojolea. "Ni ya dada."

Dada aliamriwa aitie motoni kwa mkono wake mwenyewe. Hakulia; niliyelia ni mimi. Alipopita kando yangu alininong'oneza, "Nyamaza wewe. Yote iko kwa kichwa."

Alikuja kuwa mwimbaji wa pop, nyimbo tamu ambazo katikati zilipasuka kuwa mayowe, na vijana walizipenda. Siku ya mazishi yake, mpiga gitaa wake aliniuliza dada alijifunza wapi mayowe yale. Mama alikuwa ameketi karibu nami, Biblia mapajani.

Nilimjibu kwamba sijui.