Mkeka wa Amne Ukutani

Tangu mkeka ule utoke nyumbani, Amne hakuwa na kituo. Akikaa barazani anainuka, akiinuka anakwenda chumbani kuchungulia chini ya kitanda, utadhani mkeka utajirudisha wenyewe. Chini ya kitanda hamna kitu, ni vumbi tu na ndara za marehemu mumewe.

Haukuwa mkeka wa kulalia, wala wa kumtandikia mgeni. Amne aliusuka kwa mkono wake, kwa ukindu wa bonde la Igombe, mweupe mtupu usiotiwa rangi. Alisuka kili ndefu, mikanda myembamba ya ukindu, akaziunga moja moja kwa sindano, ili siku yake ikifika ufunike mbao kaburini kabla ya udongo. Wanawake wengi wa mtaani kwake Gongoni huwaachia watoto wakanunue wa sokoni. Amne hakutaka, na akisema hataki kasema. Hatafunikwa kwa kazi ya mtu asiyejua kushona. Mikeka ya wenzake alishairusha uani mbele ya wageni: "Huu mshono ama njia ya siafu?" Ndiyo maana msibani walimheshimu na harusini walimkwepa.

Sasa mjukuu wake Najiat, aliyekwenda Dar es Salaam kusomea ubunifu, karudi Tabora na mambo yake. Yeye na wenzake wanataka watu waone kwamba vitu vya hapa hapa vinaweza kuwa sanaa ya leo. Magome ya mizinga ya nyuki wameyafanya taa, kamba za kufungia tumbaku wamezifanya kiti. Siku alipouona mkeka alipiga magoti, akaupapasa kama anayepapasa kichanga.

"Bibi, niazime. Wiki moja tu, hapo ukumbini kwenye maonyesho yetu. Nautundika, hakuna wa kuukanyaga."

"Mke mwenzangu, tangu lini mkeka wa kaburi ukatundikwa?"

"Watu wauone wewe ungali hai, uwasikie wanavyousifu. Ukishafukiwa nao, nani atauona?"

Hilo lilimwingia. Maana kweli, kazi nzuri kuliko zote alizopata kuzifanya ilikuwa haijaonwa na mtu. Akampa. Bajaji ilipokata kona tu, akajuta.

Na akifa ndani ya wiki hii? Mkeka uko ukutani kwa watu, yeye wanamfunika kwa kitu gani? Akawa anatembea kwa kujihesabu. Akikohoa, anasimama kusikiliza kifua. Samaki akakataa kumla, mwiba usije ukamkaba. Jirani yake Tatu, mtu wa kucheka hata mahali pasipo cheko, akamwona.

"Amne, mbona leo hukwenda kisimani?"

"Kuna utelezi."

"Kiangazi hiki?"

"Nyamaza wewe. Wewe mkeka wako wa plastiki, hata ukifa leo duka liko wazi."

Wiki haijaisha, uvumilivu ukaisha. Akavaa baibui, akamburuta Tatu, wakaenda kwa miguu mpaka ukumbini.

Ilikuwa nyumba kuukuu ya wafanyabiashara wa zama za misafara, kuta nene, ndani baridi. Mkeka ulikuwa peke yake ukutani, taa ya gome ikiumulika kwa ubavuni. Watu walisimama mbele yake wakinong'ona kama wamo msikitini. Roho ya Amne ikaumuka kama andazi. Akausogelea. Akasimama. Akarudi nyuma kidogo, akasogea tena.

Mkeka huo hakupata kuuona umesimama. Aliushona ukiwa mapajani, akaukunja, akausukuma chini ya kitanda. Sasa mwanga ulipita juu ya kili zote na zote zikalala upande mmoja, kama nyasi zikipigwa na upepo. Ila ukili mmoja, katikati kabisa, ulilala upande wa pili, mweusi kama mfereji. Ameushona kinyume.

"Tatu, unaona?"

"Naona mkeka mzuri."

"Mwongo. Unaona."

Tatu akatazama tena, akajishika mdomo. "Kwani huko kaburini kuna taa, shoga?"

"Kuna mimi."

Akamwita Najiat. "Uteremshe."

"Bibi, jamani! Watu wameupenda huu kuliko vitu vyote. Na huo ukili uliogeuka ndio wanaoupiga picha, wanasema umefanya makusudi."

"Makusudi? Mimi, Amne binti Sabiri, nikosee makusudi?"

Ukateremshwa. Amne akakaa sakafuni, miguu kainyoosha, akadai mkasi, akaanza kufumua. Watu wakadhani nayo ni sehemu ya maonyesho. Wakamzunguka, simu juu.

"Mnapiga picha nini? Hamjaona mtu akifumua?"

Wakampigia makofi.

Ukili ulipotoka, akaugeuza aurudishe. Lakini ukindu ulishakauka miaka na miaka, ukakatika mkononi mwake, ukakatika tena. Akauweka chini. Akitia ukili mpya, mweupe, katikati ya hizi zilizogeuka manjano, kitakuwa kiraka. Naye kiraka hakivai hata shambani. Akabaki amekaa na vipande viwili mapajani, na kwa mara ya kwanza wiki nzima akatulia.

Kisha akamsukumia Najiat vile vipande.

"Tundika upendavyo. Huu si mkeka tena."

"Na wewe Bibi, utabaki huna?"

"Nasuka mwingine. Na huo nautundika kwanza niukague, ndipo niseme umekwisha."

"Na Mungu akikuita kabla?" akauliza Tatu, safari hii bila kucheka.

"Atanikuta nasuka."

Alishajishika ukutani anainuka, akiwauliza wale wenye simu kama kuna anayejua ukindu wa Igombe umeanza kukatwa, maana yeye hana siku za kupoteza.