Omugole Ameonekana

Mwalimu Elieth wa Bilele, mjini Bukoba, hakuwa mtu wa kurusha picha ovyo. Kabla ya kuweka chochote status, alipitia orodha ya majina kama anayesahihisha mitihani: huyu aone, huyu asione. Kwa hiyo alipompiga picha Anatolia, mke mpya wa kaka yake, kijijini Ngenge, alijiona salama kabisa.

Anatolia alikuwa ndani. Omugole, yaani bibi harusi, kwao hukaa ndani mwezi mzima bila kuonekana na watu wa nje; analishwa, anapakwa mafuta, hagusi jembe. Kwa msichana aliyelima tangu darasa la pili, ilikuwa likizo ya kwanza maishani.

"Wifi, usinirushe," alisema akicheka.

"Mimi tena?"

Alimrusha kabla basi la kurudi Bukoba halijafika Muleba. Ni kweli, kwanza alimficha mama yake, kaka yake na mashangazi wote tisa. Akamsahau katekista Kashaija, aliyekuwa amenunua simu kubwa juzi tu na aliyefungua kila kitu kwa uaminifu. Jumapili baada ya misa, katekista akampongeza mama: mkamwana wako amenawiri, nimemwona kwenye simu.

Mama akaamua kwamba Anatolia amejirusha mwenyewe. Siku ya kumi na mbili akampa jembe. Aliyekwisha kuonekana anafichwa nini?

Kaka alipompigia Elieth kumsimulia, Elieth alijibu, "Mabinti wa siku hizi!" Maneno hayo yalimrudia wiki nzima, naye anafundisha uraia. Jumamosi akarudi Ngenge.

"Mama, ni mimi niliyemrusha."

Mama alikuwa akimenya ndizi, hakuinua kichwa. "Sasa utamrudisha ndani? Kijiji kizima kimeshamsalimia. Nenda kamwambie mwenyewe."

Anatolia alikuwa kibanjani, katikati ya migomba, vumbi limekaa palipokuwa na mafuta. Elieth alijieleza kwa kirefu: ameshaifuta, ilikaa saa nne tu, walioiona ni mia moja na kumi na nane, tena wengi ni walimu.

"Mia moja na kumi na nane." Anatolia aliegemea jembe. "Nilipendeza?"

"Sana, wifi."

"Hebu niione."

"Si nimeifuta, hata kwenye simu haimo."

Anatolia aliinua jembe.

"Kumbe ni mimi tu nisiyeiona," akasema, akainama kuendelea kulima.