Unaenda Kusoma Kitu Gani?

Nakumbuka alasiri niliyofika Nambale kwa Senge, dada wa marehemu baba yangu, nikiwa na barua mkononi. Nilikuwa nimemaliza digrii ya sayansi ya mimea, na chuo kimoja cha ng'ambo kilikuwa kimenipa nafasi ya kusomea uzamivu. Mwanangu, wewe uliyepata sasa barua kama ile, sitakuficha: nilichotamani zaidi ni kuitwa Daktari. Tena wenzangu walishapata kazi mpakani Malaba, nami niliogopa kuonekana nimekaa bure.

Senge alikuwa akimenya mihogo. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Sasa huko unaenda kusoma kitu gani?"

"Mimea, Senge."

"Mimea gani?"

"Bado sijachagua."

Hakucheka. Alikata muhogo mmoja mbele yangu. Ndani ulikuwa na mabaka ya kahawia, makavu kama gome. "Na majani yake shambani ni mazuri tu," akasema. "Msimu wa tatu huu tunalima, tunatupa. Wewe umesoma. Niambie shida ni nini."

Nikajibu upesi kwamba ni maji mengi ardhini. Nilikuwa nabahatisha, naye akajua.

"Mama," Senge akaniita kwa upole, "sema tu hujui. Hiyo si aibu. Aibu ni kunidanganya nipande tena."

Niliandika kuomba chuo kinisubiri mwaka mmoja, nijue kwanza ninachoenda kusoma. Kikakataa, nafasi akapewa mwingine. Nililia, na kwa wiki kadhaa nilimkwepa Senge. Halafu nikapata kazi ya kufundisha shuleni huko Matayos, na kila Jumamosi nikawa nazunguka mashamba ya watu nikiuliza mbegu zao za mihogo zilitoka wapi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Miaka miwili baadaye niliomba upya, safari hii nikijua ninachotafuta: jinsi ugonjwa ule wa mabaka unavyosafiri ndani ya vijiti vya kupandia vinavyoonekana vizima.

Masomo yalinichukua miaka sita. Majaribio yaliharibika, na mara mbili nilifunga sanduku nirudi nyumbani. Kilichonirudisha kazini ni lile swali. Jina la Daktari lilishapoteza utamu mwaka wa kwanza! Nilipomaliza nilimpelekea Senge vijiti safi. Alivipanda kwa mkono wake, na msimu ule hakutupa kitu.

Usidhani kila mtu lazima apite huko. Omuse, tuliyesoma naye darasa moja, aliishia digrii ya kwanza. Hupima mahindi yanayovuka Malaba, watu wasile sumu ya ukungu. Madereva humnung'unikia wakicheleweshwa, lakini watoto wetu wanakula ugali salama. Nani atasema Omuse amesoma kidogo?

Basi mwanangu, usijibu barua yako kwa kukimbia kutafuta kazi, wala kwa kupenda jina. Kaa kwanza na watu ambao elimu yako inawahusu. Ukipata swali linalokunyima raha, nenda, hata likikuchukua ujana. Usipolipata, fanya kazi kwa digrii uliyo nayo. Elimu ni bahari, haikauki kwa kusubiriwa. Na usilolijua, sema hulijui.

Mungu akufungulie mlango ulio wako, na usio wako akujalie kuupita bila uchungu.